Hakushika Simu

Nakutegea, mjukuu wangu, nawe usikimbilie kujibu. Macho yake mawili yamefunguka. Mikono yake miwili iko mahali pake. Hajalala, hajalewa, wala haumwi. Umesimama mbele yake jua linawaka, naye hakuoni. Ni nani huyo?

Kipofu? Siye. Sanamu? Sanamu haendi popote, na huyu wangu anakwenda mbio. Wala usinipe mji, maana leo siupokei hata ukiwa na barabara za lami. Kitie mfukoni kitendawili hicho, nikusimulie habari ya msichana wa darasa la sita aliyeitwa Redio.

Jina hilo alipewa na mwalimu wake wa darasa la pili. Ukimkalisha nyuma alisikika mbele, ukimkalisha mbele alisikika barabarani. Nyumbani walikuwa watatu tu. Mama yake alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, kwa hiyo alitoka alfajiri, kabla Redio hajapata hata kiatu cha pili. Baba yake alikuwa fundi wa majokofu. Ndiye aliyempeleka Redio shuleni kila asubuhi, kisha akaendelea na safari zake za kutengeneza friji za watu.

Baba alikuwa amenunua gari. Lilikuwa limetumika, lakini ndani lilikuwa na skrini pana pale katikati, karibu na usukani. Baba akiwasha gari tu, simu iliyo mfukoni mwake iliungana na skrini hiyo bila waya. Ikiingia simu, sauti ya mpigaji ilitoka kwenye spika za milango yote minne, ungedhani mgeni kakaa kiti cha nyuma. Ukiingia ujumbe, sauti ya mwanamke iliusoma. Ukitaka kwenda mahali, sauti hiyohiyo ilikuelekeza wapi pa kupinda. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Salamu za shangazi alizisoma kama tangazo la msiba.

Mama alimwita mwanamke huyo mke mwenzangu. "Muulize mke mwenzangu kama leo atapika yeye," alisema, na baba alicheka mpaka akapaliwa.

Jambo moja baba alijivunia kuliko yote. "Sasa sishiki simu kabisa," alisema. "Mikono yote miwili kwenye usukani. Mwenyekiti lazima awe mfano."

Ndiyo, alikuwa mwenyekiti. Mwaka uliopita mzazi mmoja aliyeshika simu sikioni aliparuza geti la shule kwa gari lake. Baba alikasirika kuliko wote. Ndiye aliyeunda kamati ya wazazi ya usalama barabarani, ndiye aliyekaa mezani akaandika ahadi, na kila mzazi mwenye gari au pikipiki akatia saini. Karatasi ilibandikwa getini: *Sitashika simu nikiendesha karibu na shule.* Saini ya kwanza juu ilikuwa ya baba.

Mbele ya geti hilo palikuwa na kivuko, na kwenye kivuko alisimama mwanamke mwenye kizibao cha njano kinachong'aa. Mkononi alishika fimbo yenye kibao chekundu cha duara, kikubwa kama sinia, kilichoandikwa SIMAMA. Watoto walimwita Mama Simama, naye aliitika. Alivusha watoto mia tatu kila asubuhi, na hakuna aliyepita bila kukaguliwa.

"Wewe, uso huo umeuosha au umeutishia maji tu?" aliuliza. Au: "Rudi hapa nikufunge kamba ya kiatu, hutaki kuingia darasani kwa magoti."

Sasa sikiliza Jumatatu ile ilivyokuwa.

Hawajatoka hata mtaani kwao, simu iliingia. Alikuwa mwenye bucha. Friza lake, ambalo baba alilitengeneza juzi yake, lilikuwa limezima. Sauti yake ilijaa gari zima, na kwa kuwa kulikuwa na joto na madirisha yalikuwa wazi, ilijaa na barabara.

"Fundi, uliniambia friza limepona."

"Mzee wangu, nilikuambia usilijaze nyama siku hiyohiyo. Nilikuambia lipumzike kwanza."

"Kumbe utanifundisha na kuuza nyama?"

"Na wewe utanifundisha ufundi?"

Waliendelea hivyo mtaa baada ya mtaa. Redio alikaa kiti cha mbele, mkanda umefungwa, mkoba magotini. Alimtazama baba yake. Mikono ilikuwa kwenye usukani, kweli. Macho yalikuwa mbele, kweli. Lakini mshipa wa shingo ulikuwa umesimama, na midomo ilikuwa inagombana na skrini.

Walipokaribia shule, Redio alimwona Mama Simama akishuka barabarani, kibao juu, watoto wa darasa la kwanza nyuma yake wameshikana mikono.

"Baba," alisema.

"Ngoja."

"Baba, Mama Simama."

"Nimesema ngoja, huoni naongea? Mzee, sikiliza, hiyo kompresa sikuitengeneza mimi kiwandani."

Skrini ikalia kuwa kuna ujumbe mpya. Papo hapo sauti ya mwanamke ikasema, "Pinda kushoto." Baba akapinda kushoto, akaingia barabara ya shule bila kupunguza mwendo, na Redio akapiga kelele moja iliyosikika hadi ofisi ya walimu.

Breki zililia. Kisha kitu kikagonga bati.

Gari liliposimama, kibao kilikuwa chini ya tairi, kimekunjika kama karatasi. Mama Simama alikuwa amekaa chini barabarani, mkono wa kushoto umeshika kifundo cha mkono wa kulia. Nyuma yake walisimama watoto sita, bado wameshikana. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa msichana aliyeng'oka meno mawili ya mbele, wenzake wakimwita Pengo. Kati ya tumbo la Pengo na gari pangeingia rula moja ya darasani. Mbili zisingeingia.

Baba alishuka. Mama Simama alimtazama. Hakupiga kelele.

"Uliniona?" aliuliza.

"Mama, mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani," baba alisema.

"Sikuulizi habari za mikono. Nakuuliza, uliniona?"

Baba aligeukia tairi. Aliinama akaanza kuvuta kibao chini ya tairi. Na ndani ya gari, kutoka milango yote minne, sauti ya mwenye bucha ilikuwa bado inaita, "Haloo? Fundi? Ndiyo umenikimbia?"

Mlinzi wa geti alisaidia kumwinua Mama Simama, na baba mwenyewe akampeleka hospitali. Mkono ulikuwa umevunjika.

Wakati wa mapumziko, mwalimu mkuu alimwita Redio ofisini. Ofisi ilinuka chaki na chai. Juu ya kikombe alikuwa amefunika kisahani, na mbele yake palikuwa na daftari.

"Usiogope, mwanangu," mwalimu mkuu alisema. "Nataka kuandika mambo yalivyokuwa. Baba yako alikuwa ameshika simu?"

Redio alitazama kalamu. Aliwaza juu ya karatasi ya getini na saini ile ya juu. Aliwaza jinsi wenzake watakavyomcheka.

"Hapana, mwalimu. Hakushika simu."

"Simu ilikuwa wapi?"

"Mfukoni mwake."

Mwalimu mkuu aliandika. Kila neno lilikuwa la kweli, na Redio alitoka mle ofisini bila kuaga.

Mtu mwingine aliyeulizwa ni Pengo. "Gari lilikuwa linagombana," Pengo alisema.

Walimu waliokuwapo walicheka. "Gari haligombani, mtoto. Ni honi ulisikia."

"Si honi. Lilikuwa linagombana. Lilisema nyama."

Wakacheka zaidi. Pengo akalia, na hakulia kwa woga. Alilia kwa hasira, ngumi zimekunjwa.

Jumanne hapakuwa na mtu kwenye kivuko. Jumatano pia. Watoto walivuka kwa kukimbia, huku wazazi wakipiga honi na kutukanana. Habari zikaenea kuwa Mama Simama alishuka barabarani kabla ya wakati, kwamba macho yake yamechoka, kwamba huenda asirudi. Darasani watu walinuna.

"Kibao alikinyanyua akiwa amechelewa," alisema kijana mmoja wa dawati la nyuma.

"Nani kakuambia?"

"Si ndivyo alivyosema mwenyekiti? Muulize Redio, alikuwa ndani ya gari."

Wote wakageuka. Redio akaanza kupanga vitabu ambavyo vilikwisha pangwa.

"Ajabu," alisema jirani yake wa dawati. "Leo Redio haina betri."

Redio aliwachukia wote. Alimchukia yule kijana, akamchukia jirani yake, akamchukia hata Mama Simama kwa kusimama pale aliposimama. Wakati wa mapumziko alikwenda bombani kunawa uso, akamkuta Pengo anamsubiri, shingo imeinuliwa kama jogoo mdogo.

"Wewe ulikuwa ndani," Pengo alisema. "Gari lilikuwa linagombana au halikuwa?"

"Nenda darasani kwako."

"Wananicheka kila siku. Sema, lilikuwa au halikuwa?"

"Nimekuambia nenda."

Pengo alimtazama toka viatuni hadi nywele. "Umekuwa mkubwa bure," alisema, akaenda zake.

Alhamisi mchana baba alikuja kumchukua. Siku hizo tatu walikuwa wanaishi kama watu wanaopishana kwenye ngazi. Walipokuwa wanangoja gari la mbele liondoke, skrini ikalia, na yule mwanamke akaanza kusoma kwa sauti yake ya msiba:

"Ujumbe mpya kutoka kwa Mwalimu Mkuu. Mwenyekiti, kikao ni kesho saa tisa. Kwa maelezo yako na ya mtoto, kamati imeona yule mama aliingia barabarani kabla ya wakati. Hatarudi kazini. Barua yake iko tayari. Asante kwa kuwa mfano kwa wazazi wengine."

Baba alinyoosha kidole haraka kuinyamazisha. Akagusa pasipo. Yule mwanamke akaanza kusoma upya, neno kwa neno, mpaka "mfano kwa wazazi wengine".

"Kwa maelezo ya mtoto," Redio alisema. Sauti yake iliyozimika tangu Jumatatu ilirudi yote kwa mara moja. "Mtoto ni mimi. Wanamfukuza kwa sababu yangu."

"Hayo ni mambo ya watu wazima."

"Ulikuwa unaongea na mwenye bucha, baba."

"Nilishika simu? Jibu. Nilishika?"

"Hukushika."

"Basi yameisha. Mikono ilikuwa wapi?"

"Kwenye usukani. Na wewe ulikuwa buchani. Nilikuita mara mbili. Mara mbili, baba, ukaniambia ngoja. Pengo angengoja nini?"

Baba alipiga usukani kwa kiganja. "Funga mdomo wako. Mimi nakuvisha, nakulisha, nakupeleka shule, wewe unikalie hapo kama hakimu?"

Redio alifunga mdomo. Lakini walipofika nyumbani alishuka, akaenda moja kwa moja uani, ambako mama yake alikuwa anaanua nguo, akamwambia yote kuanzia bucha hadi barua.

Mama alisikiliza huku akikunja shuka. Alilikunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka likawa dogo kama kitabu. Kisha akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Uliniambia alikurukia barabarani."

"Sikushika simu, mama Redio."

"Nikisikia neno hilo tena leo, nitatupa hili shuka na aliyelisema. Mimi nafua mashuka ya hospitali, baba Redio. Najua yanayotoka barabarani yanafika kwangu yakoje. Yule mama nilimkuta kwenye benchi Jumatatu, nikampa pole kama mtu baki. Nilimpa pole, wakati aliyemvunja ananiita mke wangu."

"Mimi naongea na naona vilevile," baba alisema, naye sasa amepandisha. "Miaka kumi na tano naendesha. Mdomo una kazi yake na macho yana kazi yake. Kama hamuamini, nijaribuni sasa hivi."

Mama aliweka shuka chini. "Ingia garini. Injini iache, washa umeme tu. Shika usukani na utazame mbele. Ukimaliza, utuambie umeona nini."

Baba akaingia, akakaza mikono kwenye usukani kama mtu anayepigwa picha. Mama akaingia jikoni na simu yake. Redio akabaki uani, akatazama huku na huku, akaiona ndoo nyekundu ya kupigia deki.

Spika zikalia. "Haloo," alisema baba.

"Nataka kukuuliza," ilisema sauti ya mama kutoka milango minne. "Friji ya kaka yangu. Ulimwambia haina dawa, imekufa. Kisha ukaichukua. Mbona nimeikuta kwa mteja wako inagandisha barafu?"

"Nani kakuambia hayo?"

"Imekufa au haikufa?"

"Ilikuwa imekufa. Nikaifufua mimi. Ufundi ni wa nani, wa kaka yako?"

"Na kaka yangu anakunywa maji ya moto."

"Kaka yako alikuwa anaweka sufuria ya moto ndani ya friji, nilimwonya mara ngapi?"

Hapo Redio aliweka ndoo nyekundu kichwani, akapita mbele ya kioo cha gari taratibu, kutoka ukutani hadi kwenye kamba ya nguo. Akageuka. Akarudi. Alipofika katikati alisimama, akahesabu hadi tano, akamtolea baba yake ulimi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu azaliwe. Kisha akaondoka.

Mama alikata simu, akatoka nje. "Haya, mwenyekiti. Umeona nini mbele yako?"

"Nimeona kila kitu," baba alisema. "Ukuta. Kamba. Mashuka mawili na taulo moja la bluu."

"Na nani kapita?"

"Hakuna aliyepita."

Redio alisogea, ndoo bado kichwani. "Nimepita mara mbili, baba."

"Umepita umechutama."

"Nimesimama wima. Nimehesabu mpaka tano. Nimekutolea na ulimi, nisamehe."

Baba alimtazama, akaitazama ndoo. Ilikuwa ndoo kubwa, nyekundu kama kile kibao. Wakamwacha mle garini peke yake. Mama alipomwita kunywa chai hakuitika, na chai ikapoa mezani.

Ijumaa saa tisa wazazi walikaa kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yamegusa videvu. Mama Simama alikuwa amekaa karibu na mlango, mkono umefungwa plasta na kuning'inizwa kifuani. Mwalimu mkuu alisimama na barua mkononi. Kabla hajafungua kinywa, Redio aliingia.

"Watoto nje, tafadhali," mwalimu mkuu alisema.

"Mwalimu, Jumatatu uliniuliza swali nikakujibu nusu," Redio alisema. "Nimeleta nusu iliyobaki."

Akasema. Alisema habari za bucha, za spika nne, za kuita mara mbili. Hata mlinzi getini alimsikia.

Kabla hajamaliza, baba aliinuka. Dawati lilikuwa limembana, likainuka naye kidogo, na hakuna aliyecheka.

"Mtoto asimalize peke yake," alisema. "Ni kweli yote. Nilikuwa nagombana na mteja. Mama huyu alikuwa mahali pake na wakati wake. Nilisema uongo nikaufunika kwa maneno ya kweli, na mwanangu akajifunza kwangu."

"Lakini mwenyekiti," alisema mzazi mmoja wa nyuma, "simu hukushika. Ahadi hujaivunja. Hata mimi gari langu lina skrini hiyo."

"Ahadi niliiandika mimi," baba alijibu kwa ukali, "na niliandika mikono peke yake. Ifuteni. Andikeni kwamba ukiwasha gari, mazungumzo yamekwisha. Njia uichague kabla hujaondoka. Ujumbe ungoje. Anayekuhitaji sana atakukuta umeegesha. Na mwenyekiti mchague mwingine."

Kisha akamwambia Mama Simama kuwa gharama zote za mkono ni zake, na kwamba hadi mkono utakapopona, asubuhi zote za kivuko ni zake pia.

Mama Simama alikohoa. "Utakuja saa kumi na mbili na nusu kamili," alisema. "Nami nitakaa pembeni kwenye stuli nikutazame. Sikuamini."

"Usiniamini," baba alisema. "Njoo unitazame."

Mwalimu mkuu aliichana barua mbele ya wote. "Na mimi nina langu," alisema. "Mtoto wa darasa la kwanza alituambia ukweli siku ileile, tukamcheka kwa sababu alisema kwa lugha yake. Jumatatu nitamwomba radhi mbele ya mstari. Na wewe, Redio, ulikuja leo na miguu yako, vizuri. Lakini kumbuka kilichotokea siku zile nne. Jibu linaweza kuwa na maneno ya kweli matupu na bado likamfukuza kazi mtu asiye na kosa. Ukiulizwa, usitafute mlango wa kutokea. Toa kila unachokijua."

Redio akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu iliyofuata baba alisimama kwenye kivuko akiwa na kofia na kizibao cha njano kilichombana mabega. Kibao alikitengeneza mwenyewe. Alikata mlango wa friji kuukuu, akaukunja kingo zisikate watoto, akaupaka rangi nyekundu mara tatu. Mama Simama alikaa pembeni kwenye stuli, akitoa amri.

"Inua zaidi. Hicho ni kibao, si mwavuli. Wewe Pengo, kamba ya kiatu. Fundi, mfunge kamba ya kiatu."

Baba aliinama akafunga. Pengo, ambaye asubuhi hiyo angeombwa radhi mbele ya mstari, alisimama kama bibi harusi. Redio alikuwa nyuma yake, ameshika mikono ya wadogo wawili.

Baba akashuka barabarani, kibao juu. Gari jeupe lilikuwa linakuja. Dereva alikuwa mwanamke nadhifu, mikono yote kwenye usukani, macho mbele, na midomo yake ilikuwa inakwenda, inakwenda, ingawa ndani ya gari hapakuwa na mtu mwingine. Halikupunguza. Baba akaingia katikati kabisa, akapunga kibao, akaita. Akawasukuma watoto nyuma kwa mgongo wake. Gari likapita mbele ya vidole vya viatu vyake, upepo ukamvua kofia, nalo likaendelea na safari.

Baba alilikimbilia hatua tatu. "Wewe," alipaza sauti, mpaka ikakatika. "Nimesimama hapa, nina kibao kikubwa kama mlango. Hukuniona? Ulikuwa unanitazama usoni, hukuniona?"

Gari lilikwisha pinda. Baba alibaki barabarani, anahema.

Mama Simama aliinuka kwenye stuli. Aliokota kofia kwa mkono wake mzima, akaipangusa kwenye paja, akamletea.

"Sasa umeuliza swali langu," alisema. "Mimi nililiuliza nikiwa nimekaa chini, na bado sijajibiwa. Watoto hawa nao wanangoja kujua. Mikono ikiwa usukanini na roho iko kwingine, gari halina dereva, fundi. Linajiendea tu. Sitaki pole tena, umenipa za kutosha. Nijibu. Jumatatu ile, uliniona?"

Baba aliichukua kofia, asiivae. Alimtazama Mama Simama, akautazama mkono wenye plasta, akamtazama Pengo na kiatu chake kilichofungwa.

"Sikukuona, mama," alisema. "Nilikuwa nakutazama, na sikukuona."